Jina Jema Si Rehani

Kuna neno moja linalopita leo katika miji na vijiji vya Migori na Homa Bay kama upepo wa ziwani, nalo ni hili: mkopo bila dhamana. Latangazwa, lasomwa katika simu, na larudiwa vinywani mwa vijana wangojao abiria kwa pikipiki zao kandokando ya barabara iendayo Isebania. Nataka kukuthibitishia, msomaji, kwamba neno hilo si kweli. Hapana mkopo usio na dhamana, wala haujapata kuwapo. Iko mikopo ambayo dhamana yake yaonekana, na iko mikopo ambayo dhamana yake imefichwa. Katika aina hizi mbili, ya pili ndiyo ghali zaidi, kwa sababu mtu hawezi kukilinda kitu asichojua kwamba amekiweka rehani.

Tuanze na asili ya jambo. Mkopo ni safari ya mali kutoka kwa aliye nayo kwenda kwa asiye nayo, na katikati ya safari hiyo pana giza. Mkopeshaji haijui kesho. Hajui kama mdeni wake atapata mavuno au atapata maradhi, kama atarudi au atatoroka. Tangu zamani binadamu ametumia taa mbili katika giza hilo. Taa ya kwanza ni kumjua mtu: baba yake, kazi yake, na jinsi alivyolipa jana. Taa ya pili ni kushika kitu chake mpaka alipe. Ya kwanza yaitwa uaminifu, ya pili yaitwa dhamana. Palipo na taa moja yenye nguvu, ya pili yaweza kuwa ndogo. Lakini mtu akikuambia kwamba anakukopesha bila ya kukujua na bila ya kushika kitu chako, hapana budi umwulize: taa yako iko wapi? Asipojibu, fahamu kwamba ameiwasha mahali usipoweza kuiona.

Watu wa nchi hii hawakuwa wageni wa mambo haya. Wajaluo wana desturi iitwayo singo, ambayo kwayo mwenye shida humpa mwenzake shamba alitumie kwa kupokea fedha au mifugo, na shamba hurudi deni likilipwa. Ng'ombe nao waliwekwa kwa marafiki wa mbali, ili maradhi au wezi wakiingia boma moja wasimalize mali yote. Aliyewatunza alipata maziwa, na mwenyewe alipata usalama. Wanawake wana nyoluoro, chama cha kuchangishana fedha na kupeana kwa zamu. Tazama jinsi vyama hivyo vilivyo. Anayepokea wa kwanza ni mkopaji wa wote, na anayepokea wa mwisho ni mkopeshaji wa wote. Hapana hati wala hakimu, na bado mama aliyekwisha kupokea huja siku ya zamu ya mwenzake na mchango wake mkononi. Huja kwa sababu atakutana na wenzake kisimani, sokoni na matangani maisha yake yote.

Serikali ya kikoloni iliona desturi hizi kuwa kizuizi. Mwaka wa 1954 R. J. M. Swynnerton aliandika mpango wa kilimo uliojulikana kwa jina lake, na katika mpango huo ilitumainiwa kwamba mkulima akipewa hati ya shamba lake ataweza kuiweka rehani na kupata mkopo wa kuliendeleza. Hoja ilikuwa nzuri karatasini. Walakini hati haikupata kuwa fedha kwa urahisi huo. Msomi wa Marekani, Parker Shipton, aliyechunguza kwa miaka mingi habari za mikopo na ardhi miongoni mwa Wajaluo wa magharibi ya Kenya, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka wa 2009 kwamba shamba lenye makaburi ya wazee si kitu cha kupigwa mnada kama meza. Benki yaweza kushinda mahakamani, kisha ikashindwa kijijini. Nani atalima juu ya makaburi ya jirani yake huku watoto wa jirani huyo wakimtazama? Dhamana isiyoweza kuuzwa si dhamana ya benki. Mwaka wa 2017 Bunge la Kenya lilipitisha sheria inayoruhusu mifugo, mazao na mali nyingine zinazohamishika kuwekwa dhamana. Hiyo ilikuwa hatua ya maana, lakini bado ilimsaidia aliye na kitu. Asiye na ng'ombe wala mashine alibaki mlangoni.

Hapo ndipo simu ilipoingia. M-Pesa ilianza mwezi wa Machi, 2007, na kwa muda mfupi fedha zilikuwa zikivuka kutoka Nairobi mpaka Mbita na Kehancha kwa dakika moja. Mwezi wa Novemba, 2012, ilifuata M-Shwari, mkopo wa simu uliotolewa na benki moja pamoja na kampuni ya simu. Mtu aliweza kukopa akiwa kitandani. Kwa muda wa siku 30 alitozwa ada ya asilimia 7.5. Hesabu hii ifanye mwenyewe, msomaji, maana ni hesabu ya darasani. Mkopo wa shilingi 1,000 walipiwa shilingi 75, na shilingi 75 hazimtishi mtu. Lakini anayekopa kila mwezi kwa mwaka mzima atakuwa amelipa shilingi 900 kwa kutumia shilingi 1,000 zile zile. Hiyo ni asilimia 90 kwa mwaka. Wanaouza vitu kwa kipimo kidogo hupata faida kubwa. Mnunuzi wa sukari ya kijiko alijua hivyo kabla ya simu kuzaliwa.

Baada ya benki zilikuja kampuni nyingine nyingi, ambazo hazikuwa benki wala hazikuwa chini ya mkono wa Benki Kuu. Hizi ndizo zilizopiga kelele zaidi za mkopo bila dhamana. Tazama basi dhamana yao ilikuwa nini. Mkopaji alipoiweka programu katika simu yake, aliulizwa kama aruhusu ifungue majina yote ya watu aliowahifadhi humo. Alikubali bila ya kusoma, kwa kuwa njaa haisomi maandishi madogo. Siku ya kulipa ilipopita, simu zilianza kulia, lakini si kwake peke yake. Zililia kwa mwajiri wake, kwa mama mkwe wake, kwa mwalimu wa mtoto wake na kwa mchungaji wake; wote waliarifiwa kwamba fulani ni mdeni asiyelipa. Hiyo ndiyo dhamana iliyofichwa. Mkopaji alikuwa ameweka rehani jina lake, na pamoja na jina lake aliweka utulivu wa watu ambao hawakukopa hata senti moja.

Twaambiwa kwamba mtu akikopa lazima alipe. Nani abisha? Dawa ya deni ni kulipa, na mimi siandiki kuwatetea watoro. Lakini mdai na adhabu ni vitu viwili mbalimbali. Anayeshika ng'ombe wa mdeni hupata ng'ombe. Anayelichafua jina la mdeni hapati kitu. Jina haliwezi kukamuliwa wala kupigwa mnada. Anaharibu kile ambacho kwacho mdeni angepata kazi, ushirika, au mkopo wa jamaa ili alipe. Ni sawa na mtu anayemdai mvuvi, akamchomea mtumbwi, kisha akakaa ufukoni kungoja samaki.

Sheria ya nchi iliona ubaya huu, ingawa ilichelewa. Mwezi wa Aprili, 2020, Benki Kuu ya Kenya ilizikataza kampuni zisizo chini ya usimamizi kupeleka majina ya wadeni katika ofisi za taarifa za mikopo, na ikazuia mtu kuorodheshwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Mwezi wa Desemba, 2021, Benki Kuu ilipewa uwezo wa kuzipa leseni kampuni za mikopo ya simu. Na kanuni za mwaka wa 2022 zikapiga marufuku vitisho, matusi, na kuwapigia watu waliomo katika simu ya mdeni ili kumwaibisha. Mwezi wa Septemba, 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, mwenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ili kuwasumbua. Basi sasa ni jambo la sheria, wala si la maoni yangu tu: jina la mtu si mali ya kushikwa kwa deni.

Walakini sheria inapofunga mlango mmoja, mwingine huwa umekwisha kufunguliwa. Vijana wengi sasa wanaambiwa habari za sarafu za kripto, na za mikopo ya siku saba au kumi kati ya watu wasiojuana, ambao huonana kwa intaneti tu. Asili ya sarafu hizo ni maandiko ya mwaka wa 2008 ya mtu, au watu, waliojiita Satoshi Nakamoto, ambaye alipendekeza malipo yasiyohitaji watu waaminiane, bali yategemee hesabu za siri zisizoweza kughushiwa. Bitcoin ilianza mwezi wa Januari, 2009. Nakiri kwamba hesabu hizo ni kazi ya akili kubwa. Lakini wahubiri waliofuata wamedai zaidi ya alivyodai mwanzilishi. Wamesema kwamba ikiwa malipo yanaweza kufanywa bila ya uaminifu, basi na mkopo waweza kutolewa bila ya uaminifu. Hapa ndipo wanapopotoka. Malipo ni jambo la sasa. Mkopo ni jambo la kesho. Hesabu yaweza kuthibitisha kwamba sarafu imetoka kwangu ikafika kwako. Haiwezi kuthibitisha kwamba utairudisha wiki ijayo. Ahadi haimo ndani ya mashine. Imo ndani ya mtu.

Kwa kuwa ahadi haimo ndani ya mashine, wakopeshaji wa sarafu hizi wamerudi kwenye taa ya pili, nayo wameichochea kupita kiasi. Anayetaka mkopo wenye thamani ya shilingi 100,000 huenda akatakiwa kwanza aweke sarafu zenye thamani ya shilingi 150,000. Huu ndio mlango wanaotuambia kwamba umefunguliwa kwa maskini! Ni sawa na kumwambia mtu alete ng'ombe watatu ili aazimwe wawili. Tena ng'ombe hao hawatulii. Mwezi wa Novemba, 2021, Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000, yaani ilikuwa imepoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake. Dhamana ikishuka hivyo, mashine huiuza mara moja, usiku au mchana, bila ya kungoja mdeni aamke. Jirani aliyeshika shamba lako kwa singo angekungoja mpaka mavuno.

Je, mkopeshaji naye yu salama? Kampuni ya Celsius ya Marekani ilichukua sarafu za watu wengi, ikawaahidi faida, na ikazikopesha kwa wengine. Mwezi wa Juni, 2022, iliwafungia wateja wasitoe mali yao. Mwezi uliofuata ilijitangaza kuwa imefilisika. Mwanzilishi wake, Alex Mashinsky, alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka wa 2025 kwa udanganyifu. Waliompa mali walikuwa wamehubiriwa kwamba wakati wa kuamini watu umepita. Kumbe walikuwa wamemwamini mtu mmoja, tena kwa upofu, kwa sababu tu alisimama nyuma ya mashine.

Na wasio na sarafu za kuweka dhamana hufanyaje? Huweka jina. Lakini jina gani? Katika Awendo au Kendu Bay mtu ana jina moja, nalo lajulikana tangu kwa babu yake. Akilichafua, hana dukani pa kununua jingine. Katika intaneti mtu aweza kuwa na majina kumi. Aweza kulijenga jina moja kwa kulipa mikopo midogo kwa uaminifu, kisha akakopa mkopo mkubwa na kulitupa jina hilo kama ganda la muwa. Aweza hata kulinunua jina lililojengwa na mwingine. Basi mkopeshaji hashiki mtu. Ashika vazi lake. Na mkopaji naye hamjui mkopeshaji. Mara ngapi umesikia habari za mtu aliyeambiwa atume kwanza ada ndogo ili mkopo wake ufunguliwe, akatuma, na mkopo usije? Palipo na wageni wawili gizani, mwerevu wa uovu ndiye mwenye macho.

Nasikia hoja ya upande wa pili, nayo ina nguvu. Haifai kuipita kimya. Yasemwa kwamba uaminifu wa kijiji una wateule wake. Yatima asiye na shamba, mjane aliyefukuzwa na shemeji zake, na mgeni aliyekuja kuchimba dhahabu Nyatike, hawa wote hawana babu wa kuwasemea. Simu haiulizi ukoo. Tena mwia wa karibu aweza kuwa mkali kuliko wa mbali. Katika fukwe za Homa Bay mfanyabiashara humpa mvuvi nyavu, kisha mvuvi humwuzia yeye tu samaki wake, kwa bei aitakayo mwenye nyavu. Na iko desturi mbaya iitwayo jaboya, ambayo kwayo mwanamke mchuuzi hushurutishwa kuutoa mwili wake ndipo apate samaki wa kuuza. Hayo yote ni kweli, nayo ni aibu. Lakini yapime vizuri, na utaona kwamba hayaipingi hoja yangu bali yaiunga mkono. Kosa la jaboya ni lile lile la programu ya kuaibisha: mwenye nguvu amechukua dhamana ambayo binadamu hapaswi kuitoa. Sisemi kwamba kijiji ni kitakatifu na simu ni najisi. Nasema kwamba popote dhamana inapokuwa ni utu wa mtu, mkopo umegeuka utumwa.

Yasemwa pia: ukiwakataza wakopeshaji kuogofya, hawatamkopesha maskini. Jibu langu ni kwamba giza lina gharama yake, na swali la haki ni nani ailipe. Mwezi wa Novemba, 2022, Serikali ilianzisha Hustler Fund, ikatoa mikopo ya shilingi 500 mpaka 50,000 ya siku 14 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, bila ya kushika shamba wala kuaibisha jina. Wako wengi wasiolipa, na hasara hiyo yamwangukia mlipa kodi, hilo sifichi. Lakini angalau gharama yaonekana, na wananchi waweza kuijadili Bungeni. Mkopeshaji binafsi aliyechagua kumkopesha mtu asiyemjua amechagua ujinga wake mwenyewe. Ni haki alipe bei ya ujinga huo kwa kukopesha kidogo, kwa kuuliza zaidi, au kwa kukubali hasara. Si haki amtwike mama mkwe wa mdeni.

Wajaluo husema habari za fedha chungu, pesa makech, ambazo Shipton aliziandikia kitabu mwaka wa 1989. Ni fedha zitokanazo na kuuza baadhi ya vitu, kama ardhi, dhahabu au tumbaku; huaminika kwamba hazidumu, na kwamba zikinunua ng'ombe wa mahari zitaudhuru ukoo. Si lazima uziogope laana hizo ili uielewe hekima iliyomo. Viko vitu ambavyo, ukivitoa kwa fedha, fedha hizo haziwezi kukufidia. Jina jema ni kimoja chao.

Wewe, msomaji, uko karibu kupata kitambulisho cha taifa. Na kitambulisho kikija, mikopo haitakawia kukutafuta. Mwezi wa Oktoba, 2025, Kenya ilipata sheria ya kwanza ya watoaji wa huduma za sarafu hizi, na baadhi ya watu watakuambia kwamba sasa mambo yote ni salama. Sheria yaweza kumpa mtu leseni. Haiwezi kukusomea masharti. Basi kabla ya kukopa uliza mambo matatu, na kama jibu moja halipatikani, acha. Kwanza, nitalipa jumla ya shilingi ngapi, na si asilimia ngapi kwa siku? Pili, nisipolipa, nitanyang'anywa nini hasa, na je, kitu hicho ni changu peke yangu? Tatu, huyu anayenikopesha, nikidhulumiwa, nitampata wapi, katika ofisi gani, chini ya sheria ipi?

Na ukiwa wewe ndiwe mwenye fedha, na mwenzako akaja kukuomba, usimwambie kwamba humtaki dhamana huku umeificha moyoni. Mwambie waziwazi unachokishika, na akilipa mrudishie siku ile ile. Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo walivyosema wahenga. Nao walisema hivyo kumwonya mkopaji; nasi katika zama hizi yatupasa kumwonya na mkopeshaji pia, kwamba anayempelekea mwenzake matanga ili apate faida hana haki ya kuiita kazi yake msaada.